Gastriti: safari ndefu ya dawa za tumbo, kutoka India mpaka Lubumbashi

Katika kartiye ya Karavia, kama kwingine Lubumbashi, ugonjwa wa tumbo una jina moja tu: gastriti. Mtu akisikia moto kifuani kiisha kula bukari, ni gastriti. Tumbo likijaa hewa, ni gastriti. Akilala na mate machachu yakapanda mdomoni, ni gastriti tena. Dawa nazo hazikosi: tangawisi, pemba, bikarbonati, na poda za mimea kutoka ng'ambo ambazo wauzaji wanasema zinaponyesha kila kitu. Kabla ya kutoa franka, ni vizuri kujua dawa hizo zimetoka wapi na historia imezipima namna gani.

Waganga wa India walikuwa wameandika juu ya shida hii zamani sana. Utabibu wao, Ayurveda, unafundisha kwamba tumboni mna moto unaopika chakula, unaoitwa agni. Moto ukipungua, chakula kinakaa bila kuiva na tumbo linavimba. Ukizidi, unaunguza. Mganga Madhava, katika kitabu chake cha kutambua magonjwa kilichoandikwa kama miaka 1.300 iliyopita, aliuita ugonjwa wa kiungulia amlapitta, maana yake nyongo chachu. Aliugawa mara mbili: ule unaopanda juu na kuleta kiungulia na matapishi, na ule unaoshuka na kuharisha.

Dawa ya kwanza ya waganga hao haikuwa poda. Ilikuwa namna ya kula: usile tena kabla chakula cha kwanza hakijashuka, usijaze tumbo mpaka juu, punguza pilipili, vitu vichachu na pombe. Kiisha ndipo vilikuja viungo kama bizari nyembamba, giligilani na shamari, na unga wa matunda matatu unaoitwa triphala. Tangawizi waliisifu kwa tumbo lenye hewa, lakini walijua ni kitu cha moto, na kwa mwenye kuungua kifuani waliitumia kwa uangalifu. Jambo hilo wengi Lubumbashi hawalijui: wanakunywa tangawisi kali kwa shida zote mbili, halafu wanashangaa moto unaongezeka.

India na Katanga ziliunganishwa na biashara. Huko Zanzibar, tajiri Mhindi Tharia Topan ndiye aliyekopesha mali misafara ya Tippu Tip iliyoingia Kongo. Mwaka 1887 Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la jengo lililokusudiwa kuwa hospitali. Alikufa mwaka 1891, jengo likamalizika 1894, na leo linajulikana kama Dispensari ya Zamani. Upande wa huku, wafanyabiashara wa pwani walifika Bunkeya kwa mfalme Msiri, aliyeuawa mwezi wa Desemba 1891, karibu miaka 20 kabla ya Elisabethville kuzaliwa mwaka 1910. Misafara ilileta nguo, bunduki na Kiswahili, ikabeba pembe za ndovu na watumwa. Neno tangawisi linalosikika leo katika soko la Kenya ni lile lile la pwani. Jina na mzizi vimebaki. Mafundisho ya kula kidogo na kungoja hayakubaki navyo.

Je, mimea hiyo ilikuwa na nguvu kweli? Mmoja ulijaribiwa mbele ya macho ya watu wote. Ni mizizi mitamu ya susi, ambayo Ayurveda imeitumia tangu zamani. Katika miaka ya 1940, daktari Mholanzi Revers aliona wagonjwa wa vidonda vya tumbo wanapata nafuu kwa dawa ya susi. Aliona pia wengine wanavimba miili. Kutoka mmea huo ilitengenezwa dawa ya carbenoxolone, iliyouzwa Uingereza katika miaka ya 1960. Ilisaidia vidonda, lakini ilipandisha tansio, na dawa nyingine kama cimetidine ziliiacha nyuma. Hivyo mmea unaweza kuwa dawa kweli, na dawa ya kweli inaweza pia kuumiza.

Mabadiliko makubwa yalitoka Australia. Mwaka 1982 madaktari Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kukuza mikrobu inayoishi tumboni, Helicobacter pylori. Wengi hawakuwaamini, basi mwaka 1984 Marshall akainywa mwenyewe akapata gastriti. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo inajulikana kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na mikrobu hiyo, au na vidonge vya maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mikrobu inahitaji antibiotiki alizoandika daktari. Tangawisi haiiondoi, na pemba pia haiiondoi.

Kuna hatari nyingine. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika maduka ya Boston. Kumi na nne kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Kopo lisiloandikwa kilichomo na mahali lilipotengenezwa halifai kuingia nyumbani.

Kwa mkaaji wa Karavia, historia hii inaacha mambo mawili. La kwanza halilipiwi: kula mapema jioni, kula kiasi, kutolala mara moja kiisha bukari, na kupunguza pilipili na lutuku. La pili halingoji: mtu akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akikonda bila sababu au chakula kikikwama kooni, aende hospitali siku hiyo hiyo. Hata Madhava alianza kwa kutambua ugonjwa, ndipo dawa ikafuata.