Hesabu ya Karanga za Kongwa

Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na mafuta ya kula yangali haba katika Uingereza, Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipelekea serikali yake shauri la kulima karanga kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki; na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika, ulizunguka majuma tisa tu, aghalabu kwa ndege, kisha ukapendekeza kulimwa ekari zaidi ya milioni 3 kwa gharama ya takriban pauni milioni 24.

Kazi ilianzia Kongwa, katika Ugogo. Wenyeji wa nchi ile, ambao walipitia njaa waliyoiita Mtunya baada ya vita vya kwanza vya dunia, walikwisha kujua kwamba mvua ya huko haina ahadi, wakatumainia uwele, mtama na ng'ombe, mazao yao wakiyatawanya huku na huko ili kiangazi kisiwakute na shamba moja tu la kutegemea. Maarifa hayo yaliyogharimu roho za watu hayakuwa siri, wala mtu hakuhitaji ndege kuyafikia. Bali hayakupewa uzito wa kuizuia azma iliyokwisha kukatwa London, na hapo ndipo naona taksiri kubwa kupita zote zilizofuata.

Kwani yaliyofuata yalikuwa matokeo yake. Trekta zilizonunuliwa katika mabaki ya vita ziliharibika upesi. Vifaru vya kivita viligeuzwa kuwa mitambo ya kufyekea pori. Mibuyu iligoma kung'oka. Na udongo mwekundu, wenye mchanga uliokula majembe ya chuma, ulikauka baada ya mvua ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zilizozaa zikashindwa kuchimbuliwa. Katika mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000, zikafyekwa chache mno. Mvua nayo ikakosa.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Bunge lilijadili kwa ukali fedha za walipa kodi, na hilo lilikuwa haki yao. Ila hesabu ya Mgogo, aliyefyekewa pori lililokuwa malisho, kuni na asali yake, na ya maelfu ya vibarua waliokuja kwa ujira kisha wakaachishwa kazi, haikupata kufunguliwa kwa uangalifu ule ule, ilhali wao ndio waliobaki na ardhi iliyojeruhiwa.

Kusini mwa Tanganyika, ambako mashamba ya mpango huo huo pale Nachingwea nayo hayakufika yalikokusudiwa, ilijengwa reli na bandari ya kina kirefu pale Mtwara. Reli iling'olewa katika miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na korosho za wakulima wadogo zikapata mlango wa kutokea baharini.