Waliozunguka Ufaransa kwa baiskeli bila kushindana

Ukitaja Ufaransa na baiskeli kwa pamoja, wasomaji wengi wa huku kwetu watakumbuka Tour de France, na Wakenya hawatakosa kumtaja Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyetwaa mashindano hayo mara nne kati ya 2013 na 2017. Si ajabu. Mashindano yana kamera, fedha na jezi ya njano. Lakini historia ikifuatwa vizuri, Wafaransa walisafiri kwa baiskeli kwa starehe zao kabla hawajaanza kukimbizana, na vitu kadhaa ambavyo leo kila mpanda baiskeli anaviona vya kawaida vilipiganiwa na hao wasio na haraka. Wakimbiaji walikuja kuvichukua baadaye, kimoja kwa shingo upande kabisa.

Tuanzie Agosti 1865. Vijana watatu, ndugu wawili Aimé na René Olivier pamoja na rafiki yao Georges de la Bouglise, walitoka Paris wakielekea Avignon, kusini mwa nchi, umbali wa karibu kilomita 800. Walitumia siku nane. Chombo walichopanda hakikuwa na mnyororo. Pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, na magurudumu yenyewe yalikuwa ya mbao yaliyovishwa pete ya chuma, kama ya mkokoteni, kwa hiyo kila jiwe la barabarani lilipanda hadi kwenye meno. Hawakuwa wakishindana na mtu. Walitaka kujua kama kitu kile kinaweza kumfikisha mtu mbali, na kilipowafikisha, akina Olivier wakaingia ubia na fundi Pierre Michaux ili vitengenezwe kwa wingi. Tukichepuka kidogo: huyo Aimé ndiye aliyekwenda baadaye Futa Jalon, katika Guinea ya leo, akajitangazia ufalme na kupigisha sarafu zake mwenyewe. Makumbusho ya taifa mjini Conakry, Sandervalia, yanatokana na jina la Sanderval alilolitumia.

Mashindano ya kwanza kutoka mji hadi mji, Paris hadi Rouen, yalifanyika tarehe 7 Novemba 1869, miaka minne baada ya safari hiyo. Mshindi, Mwingereza James Moore, alikwenda kilomita 123 kwa zaidi ya saa kumi. Leo mstaafu mwenye mikoba miwili nyuma ya baiskeli anakwenda mwendo huo huku akipiga soga na mkewe.

Mambo yalibadilika tairi la upepo lilipokuja. Dunlop alilitoa mwaka 1888, na mwaka 1891 Michelin wa Clermont-Ferrand wakaleta tairi linalofunguka, mtu akaweza kuziba pancha kando ya barabara. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 1890, ikaundwa Touring-Club de France, kwa kuiga chama cha Waingereza. Chama hiki kinastahili sifa zaidi kuliko kinazopewa. Wanachama wake hawakutosheka na kupanda baiskeli Jumapili. Walisimamisha vibao vya kuonya penye miteremko ya hatari, na wakawaandama wenye hoteli za vijijini wasafishe vyumba na vyoo. Watalii wa magari waliofuata walikuta meza imeshaandaliwa.

Waliofaidi maandalizi hayo hawakuwa Wafaransa peke yao. Kijana mmoja wa Oxford alikuja na baiskeli yake kiangazi cha 1906, akarudi 1907, na mwaka 1908 akazunguka nchi nzima, karibu kilomita 3,800, akichora na kupiga picha ngome za Zama za Kati. Alifika Carcassonne, akafika hadi Aigues-Mortes karibu na Bahari ya Kati. Mkate, maziwa na matunda vilimtosha. Matokeo yake yalikuwa tasnifu kuhusu ngome na Vita vya Msalaba, iliyompa daraja la kwanza mwaka 1910. Jina lake T. E. Lawrence, yule aliyekuja kujulikana kama Lawrence wa Arabuni.

Hata hivyo, kama ningetakiwa kumchagua mtu mmoja wa kuwakilisha historia hii yote, ningemchagua mfanyabiashara wa hariri aliyeachana na hariri. Paul de Vivie alizaliwa Pernes, karibu na Avignon, mwaka 1853, akaishi Saint-Étienne, mji wa viwanda vya silaha na baiskeli. Hapo alifungua duka la baiskeli, na mwaka 1887 akaanzisha jarida ambalo baadaye liliitwa Le Cycliste. Humo aliandika kwa jina la Vélocio, na kwa jina hilo wanamkumbuka hadi leo.

Tatizo la Vélocio lilikuwa milima. Saint-Étienne imezungukwa nayo, na baiskeli ya wakati ule ilikuwa na gia moja tu. Ukiwa na gia kubwa, kwenye tambarare unateleza lakini kwenye mlima unashuka kusukuma. Ukiwa na ndogo, mlima unaupanda, kisha kwenye tambarare miguu inazunguka bure kama cherehani. Wakimbiaji walikuwa na njia yao. Gurudumu la nyuma lilikuwa na meno pande zote mbili, kubwa upande huu na dogo upande ule. Ukifika chini ya mlima unasimama, unafungua nati, unalichomoa gurudumu na kuligeuza, unarudisha mnyororo na kukaza, ndipo unaendelea. Ukifika juu unarudia kazi ile ile, na kama ni mvua na vidole vimekufa ganzi, shauri yako. Vélocio aliona huu ni upuuzi. Akawa anajaribu minyororo miwili, meno ya aina kwa aina, vifaa vya Waingereza na vya mafundi wa mjini kwake, na kila jaribio akaliandika jaridani, yaliyofaulu na yaliyovunjika.

Upande wa pili alisimama Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto na mwanzilishi wa Tour de France mwaka 1903. Kwake yeye gia za kubadilisha zilikuwa za wazee na wagonjwa, na mwanamume wa kweli alishinda mlima kwa misuli. Alizikataa katika mashindano yake kwa miaka mingi. Alipougua mwaka 1936 na kumwachia Jacques Goddet usukani, haikuchukua muda: mwaka 1937 wakimbiaji wakaruhusiwa kubadilisha gia wakiwa wanakwenda. Vélocio hakuliona hilo. Aligongwa na tramu huko Saint-Étienne mwaka 1930. Mnara wake uko juu ya mji huo, kwenye Col de la République, mita 1,161 kutoka usawa wa bahari. Kuhusu gia, mimi naona mabishano yaliisha zamani. Hakuna mkimbiaji leo anayepanda Alps na gia moja.

Aliacha pia masharti saba ya msafiri, na hayajachakaa: usisimame mara kwa mara wala kwa muda mrefu, kula kabla njaa haijakuuma, kunywa kabla ya kiu, usijichoshe hadi ukashindwa kula au kulala. La mwisho ndilo gumu kuliko yote, usinyonge baiskeli kwa ajili ya kujionyesha.

Mpaka hapo hii ilikuwa starehe ya wenye nafasi. Kibarua wa kiwandani aliweza kununua baiskeli, ila siku za kusafiri nayo hakuwa nazo. Sheria ya tarehe 20 Juni 1936, chini ya serikali ya Léon Blum, iliwapa wafanyakazi wote likizo ya wiki mbili yenye malipo, na Léo Lagrange, aliyekuwa na dhamana ya michezo na mapumziko, akawapatia tiketi ya treni yenye punguzo la asilimia 40. Picha za kiangazi kile zinajulikana sana: mume mbele, mke nyuma, juu ya baiskeli moja ya watu wawili, hema limefungwa kwenye karia. Wengi wao walikuwa wakiiona bahari kwa mara ya kwanza.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likaja gari la bei nafuu. Citroën ilionyesha 2CV mwaka 1948, na familia zikahamishia hema kwenye buti. Njia ndogo za reli nazo zikakosa abiria na kufungwa moja baada ya nyingine. Ajabu ni kwamba reli hizo zilizokufa ndizo zilizomrudisha mpanda baiskeli.

Huko Burgundy, mwaka 1997, reli ya zamani kati ya Givry na Cluny iligeuzwa kuwa njia ya lami isiyoruhusu magari, kilomita 44, ya kwanza ya aina yake Ufaransa. Treni haipendi mlima, hivyo njia yake haina mwinuko wa kumtoa mtu pumzi. Unapita kasri la Cormatin, unapita chini ya kijiji cha Taizé, stesheni za zamani bado zimesimama, kisha unaingia Cluny, ambako abasia ilianzishwa mwaka 910. Kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya Ukristo wa Magharibi hadi Mtakatifu Petro wa Roma lilipojengwa upya. Baada ya Mapinduzi liliuzwa, likabomolewa na mawe yake kuchukuliwa kwa ujenzi, na kilichobaki ni sehemu ndogo. Kusini ya hapo kuna handaki la Bois Clair, zaidi ya kilomita moja na nusu za giza na baridi hata mwezi wa Agosti. Majira ya baridi hulifunga kabisa, kwa sababu popo wamelala humo na hawatakiwi kusumbuliwa.

Mafanikio ya Burgundy yaliwapa wengine moyo. Kando ya mto Loire sehemu za kwanza za La Loire à Vélo zilifunguliwa mwaka 2005, na leo njia hiyo ina urefu wa karibu kilomita 900, kutoka Cuffy katikati ya nchi hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye Atlantiki. Kasri la Chambord, lililoanza kujengwa mwaka 1519, liko karibu nayo. Amboise, alikofia Leonardo da Vinci mwaka huo huo, iko juu yake kabisa. Wengi sasa hutumia baiskeli za umeme na mizigo yao hupelekwa na gari hadi hoteli ya jioni. Wapo wanaonung'unika kwamba huo ni udanganyifu. Desgrange angekubaliana nao, na hiyo inanitosha kuwa upande wa wenye betri.

Ukijaaliwa nauli na viza, nenda kati ya Mei na Septemba, na anzia baharini Saint-Brevin ukielekea ndani ya nchi. Upepo wa bonde lile mara nyingi hutoka magharibi, na mto hauna mteremko wa kukusaidia chochote.