-ungwana: maana zilizokufa na zilizobaki

Huko Murara, mtaa wa Komini ya Karisimbi mjini Goma, kijana anayempisha mzee njiani husifiwa kuwa ni mutu ya heshima. Wa Tanga au Mombasa angemwita muungwana. Si kwamba kivumishi hicho hakikufika Kongo. Kilifika mapema, kikabeba maana nyingine.

Asili yake -ungwana ilitaja hali ya mtu mbele ya sheria. Muungwana ni asiye mtumwa: anaoa bila idhini ya bwana, anarithi na kutoa ushahidi. Lamu walikaza zaidi. Uhuru peke yake haukutosha. Ukoo ulipaswa kujulikana, na nyumba ya mawe na usemi vishuhudie. Aliyeachwa huru alikuwa huru kweli, ila kuitwa muungwana ilikuwa kesi nyingine.

Kisarufi kivumishi hiki kinakaa na watu tu: mtu muungwana, wanawake waungwana. Kwa vitu na mambo husemwa tabia ya kiungwana, mavazi ya kiungwana.

Karne ya 19 neno hili likapanda bara na misafara. Wapagazi wa pwani walijiita waungwana ili wasihesabiwe pamoja na watu wa bara, waliowaita washenzi. Msafiri Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1874, aliwaandika watu wake kuwa Wangwana. Kichekesho ni kwamba baadhi ya wapagazi wa aina hiyo walikuwa watumwa wa kukodishwa, na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa bwana aliyebaki Unguja. Njiani nani angeuliza?

Nyangwe na Kasongo, vituo vya biashara vya akina Tippu Tip upande wa Lualaba, neno likageuka tena. Mungwana akawa hata mwenyeji wa Maniema aliyesilimu, akavaa kanzu na kusema Kiswahili. Uhuru wake haukuwa hoja. Lugha yake ikaitwa Kingwana, ile u ikiwa imemezwa, na kwa jina hilo wamisionari na maofisa wa Kibelgiji wakaiandikia vitabu. Manuel de Kingwana ya akina Whitehead ni ya 1928. Leo mtu wa Goma husema anaongea Kiswahili, basi, na kile cha vitabuni hukiita Kiswahili bora. Kingwana kimebaki zaidi kwa wanaisimu.

Pwani, maana ya kwanza iliuawa na sheria. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, Kenya 1907, Tanganyika 1922. Kinyume chake kilipoondoka, "asiye mtumwa" ikakosa kazi, na adabu ikachukua nafasi yote. Wasemao uungwana ni vitendo wanamkatalia kabisa yule wa Lamu aliyehesabu mababu. Kiingereza nacho kilipita njia hiyo: gentle ya zama za Shakespeare iliweza kumtaja mtu wa ukoo bora, leo ni mpole tu.

Kamusi zinazoweka "huru" na "mwenye adabu" bega kwa bega, bila kusema ipi ni ya kale, zinamponza msomaji. Akikuta katika hati ya ndoa ya miaka ya 1870 kwamba mashahidi ni waungwana, atadhani wanasifiwa upole, kumbe mwandishi anathibitisha kuwa ushahidi wao unakubalika.