Historia ya Magitaa Matatu ya Kwaya Yetu

Ukipekua vitabu vya kumbukumbu za mikutano ya kwaya hii tangu ilipoanzishwa miaka 50 iliyopita, utakuta mambo mawili yanayorudi karibu kila mwaka: sare na gitaa. Ya sare tunawaachia akina mama wa kamati, maana wapo ambao bado hawajakisamehe kile kitambaa cha zambarau. Sisi tumepewa kurasa hizi tuandike kuhusu gitaa.

Gitaa la kwanza halikununuliwa. Lilikuwa gitaa kavu, yaani lisilo na umeme, alilokuja nalo mmoja wa waanzilishi aliporudi kutoka kazini Mombasa. Lilikuwa na ufa ubavuni uliozibwa kwa gundi ya seremala. Wazee wetu wanasimulia kwamba sauti yake ilitosha kulijaza kanisa la zamani, lile dogo ambalo leo ni darasa la katekisimu.

Si wote waliolipokea. Watu wa rika lile walikuwa wamelijua gitaa kupitia redio na vilabu vya pombe. Walikuwa wamemsikia Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963. Waliwapenda, lakini waliwapenda huko nje. Kuliona gitaa karibu na altare kuliwakwaza. Hata hivyo ruhusa ilikuwepo. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, Sacrosanctum Concilium, ya tarehe 4 Desemba 1963, kifungu cha 120, inakipa heshima kubwa kinanda cha kanisani chenye mabomba, kisha inaruhusu ala nyingine zinazofaa ibada kwa idhini ya wenye mamlaka mahali husika. Padre wa wakati huo alilisoma jambo hilo mbele ya wazee na mjadala ukaisha, au tuseme ulihamia nje ya mlango.

Shida ya kweli ilianza kanisa lilipopanuliwa. Ukumbi mrefu, paa la mabati, kinanda cha umeme, ngoma mbili, kayamba na sauti arobaini. Gitaa kavu likawa la kutazamwa tu. Tulijaribu kuliwekea mikrofoni mbele ya tundu lake, na kila mpigaji aliposogea kidogo spika zilipiga mluzi hadi watoto wakaziba masikio. Hapo ndipo wazo la gitaa la akustika lenye umeme lilipoingia kwenye ajenda, na halikutoka kwa miaka mitatu.

Taabu hiyo haikuwa yetu peke yetu. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa mwaka 1954 gitaa liitwalo J-160E, ambalo lilikuwa na kinasa cha sumaku kama cha gitaa la umeme. Ubao wake wa mbele ulitengenezwa makusudi kwa mbao za tabaka, mfano wa plaiwudi, ili usitikisike kupita kiasi na kuleta ule mluzi. John Lennon na George Harrison walijipatia yao mwaka 1962. Njia nyingine ilitoka kwa Charles Kaman, mtengenezaji wa helikopta, aliyeanzisha magitaa ya Ovation mwaka 1966. Magitaa yake yalieneza matumizi ya kinasa cha fuwele. Ugunduzi wenyewe ni wa mwaka 1880, wa ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie: fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme kidogo. Kwenye gitaa, utepe mwembamba wa aina hiyo hulazwa chini ya kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi darajani. Uzi ukitikisika, utepe hubanwa na kuachiliwa, na umeme huo mdogo hupelekwa kwenye kikuza sauti kilicho ubavuni, kinachotumia betri, mara nyingi ya volti 9. Magitaa mengi ya aina hii yanayouzwa Nairobi leo hufanya kazi hivyo.

Laiti tungalijua haya kabla ya gitaa la pili.

Fedha zake zilitoka jashoni. Kila mwanakwaya alitoa shilingi 200, tukaimba harusi tatu, na akina mama wa sauti ya pili wakauza mandazi kila Jumapili baada ya misa kwa muda wa mwaka mzima. Tulipata shilingi 25,000. Mweka hazina na kijana mmoja walitumwa mjini, wakarudi jioni na gitaa la samawati linalong'aa kama gari jipya, lenye vifungo vinne na kioo kidogo cha kuonyesha kama nyuzi zimekaa sawa. Tulipiga vigelegele. Jumapili ya kwanza lilisikika kama sahani ya bati inayokwaruzwa, uzi wa pili ukivuma kuliko wenzake wote, na ule mnene hausikiki. Baada ya miezi michache nyuzi zilikuwa zimeinuka juu ya shingo kiasi kwamba mpigaji alitoka damu vidoleni. Kisha daraja likaanza kubanduka. Hilo la mwisho kosa lilikuwa letu, tuseme ukweli: tulikuwa tukiliacha vestri chini ya dirisha, ambapo jua la mchana hupiga moja kwa moja.

Maneno yakaanza. Gitaa bovu hivi haliwezi kuwa la shilingi 25,000. Mweka hazina alionyesha risiti, akaambiwa risiti huandikwa na yeyote mwenye kalamu. Hakuna aliyesimama mkutanoni kumshtaki. Yalikuwa maneno ya njiani, ya kutoka misa, ya kwenye foleni ya chai, nasi wengine tulinyamaza tu. Mwisho wa mwaka alikabidhi vitabu vya hesabu, vikiwa sawa hadi senti ya mwisho, akaacha kuimba.

Gitaa lilikaa kabatini miaka sita. Aliyelitoa ni fundi wa vyombo vya muziki aliyekuja kutengeneza kinanda. Alilitazama lebo ndani ya tundu, akalishika kwa urefu kama mtu anayelenga bunduki ili aione shingo, akasema bei tuliyolipa ndiyo iliyokuwa bei yake madukani wakati ule. Hakuna aliyekula kitu. Fedha zetu, alisema, ziliingia kwenye rangi, vifungo na kioo, na kwenye mbao hazikufika.

Alitufundisha mchana ule mambo ambayo tungependa yabaki kwenye maandishi kwa ajili ya watakaonunua gitaa la nne. Nyuzi sita za chuma zikikazwa hulivuta gitaa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, usiku na mchana. Ndiyo maana shingo na daraja huangaliwa kabla ya kitu kingine. Ukingo wa karatasi usipenye chini ya daraja. Kwenye freti ya 12 nafasi kati ya uzi na freti iwe kama milimita mbili hadi tatu. Ikizidi sana, mpigaji ataumia, na ikipungua mno, nyuzi zitakwaruza. Piga kila uzi kwenye kila freti, usione haya mbele ya muuzaji. Ubao wa mbele ukiwa wa mti mzima, mara nyingi sprusi, mistari ya mbao huonekana ikiendelea kwenye ukingo wa tundu. Ukiwa wa tabaka, utaona matabaka. Mti mzima huimba vizuri zaidi, na husikia jua na ukavu zaidi. Wa tabaka huvumilia. Kwa kanisa lisilo na mahali pa kutunzia gitaa, fundi alisema, huenda wa tabaka uliotengenezwa vizuri ukafaa kuliko mzima utakaopasuka. Hili lilileta ubishi, na mwalimu wa kwaya bado halikubali. Zaidi ya yote, lisikilizwe kwanza bila waya. Kinasa hupeleka kile kilichopo tu.

Kwa gitaa la tatu tulikuwa na shilingi 32,000, na tulikubaliana mapema kwamba tusizimalize kwenye gitaa lenyewe. Tulitenga za mfuko mgumu, waya mzuri, nyuzi za akiba na malipo ya fundi ya kulirekebisha. Walikwenda wanne: mwalimu wa kwaya, mpiga gitaa, fundi, na mama mmoja wa sauti ya kwanza ambaye hajawahi kushika gitaa maishani mwake. Huyo ndiye aliyekuwa na kazi kubwa. Aligeuzwa aangalie ukuta, mpiga gitaa akapiga wimbo uleule kwa magitaa matano, bila umeme, kisha yakabaki mawili yakaunganishwa kwenye spika ndogo ya duka, ile mbovu zaidi waliyokuwa nayo, kwa sababu zetu hazina tofauti. Mama alichagua la pili mara tatu mfululizo. Alipogeuka akaliona lilikuwa la rangi ya mbao tupu, halina kioo, lina vifungo vitatu tu, akauliza kama hakuna la rangi nzuri zaidi. Lilikuwa shilingi 24,000, chini ya lile la samawati.

Ndilo mtakalolisikia leo.

Kabla halijapigwa mara ya kwanza, kamati nzima ilikwenda nyumbani kwa mweka hazina wa zamani siku ya Jumamosi. Tulikuwa tumepanga nani aseme nini, na mwenyekiti alipofika kwenye neno la samahani akashindwa kuendelea. Mzee hakutusaidia. Alitumiminia chai, akaingia chumbani, akatoka na kitabu chake cha nyimbo. Ile risiti ya gitaa la samawati ilikuwa ndani, imekunjwa mara mbili, wino umefifia. Alikuwa ameihifadhi miaka yote sita.

Hakutaka tena kushika hazina. Siku hizi anaimba besi, safu ya nyuma, upande wa nguzo. Risiti alitukabidhi, nasi tumeibandika kwenye kitabu cha kumbukumbu, ukurasa mmoja na ile ya gitaa la tatu.