Mkono wa Gia na Masafa ya Elwak

Elwak, mji wa visima ulioko Mandera karibu na mpaka wa Somalia, umejulikana tangu zamani kuwa kituo cha wafugaji wanyweshao ngamia wao, wala si ajabu kwamba nchi ya namna hiyo haikuwa soko jepesi la bidhaa za mbali; kwani, licha ya ukame na mchanga, serikali ya Kiingereza iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ulimokuwamo mji huo, ikaitilia nguvu amri hiyo kwa sheria ya 1934, asiingie mgeni wala asitoke mwenyeji ila kwa idhini, na baada ya uhuru hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa hadi 1991.

Zama hizo sehemu nyingine za Kenya zilikuwa zimekwisha kuzoea baiskeli za Raleigh za Nottingham na zile nzito nyeusi ziitwazo Black Mamba, ambazo aghalabu hazikuwa na gia za kubadilisha, hata fundi mwenye spana na kiraka aliweza kuzitengeneza popote. Walakini gia hazikuwa jambo geni: Sturmey-Archer, huko huko Nottingham, walianza 1902 kuunda kitovu cha gurudumu chenye gia tatu ndani yake, na kwa baiskeli za kuhamisha mnyororo ukatawala kwa miaka mingi mkono wa kusuguana, ambao mwendeshaji huusogeza taratibu mpaka mnyororo ukae mahali pake.

Mageuzi yalikuja 1984, Shimano wa Japani walipotoa katika seti ya Dura-Ace mkono wa kubofya, ambao kila mbofyo huvuta waya kwa kipimo maalumu. Mwendeshaji akastarehe, lakini mnunuzi wa mkono wa mtumba akaongezewa masharti: mibofyo ilingane na idadi ya magurudumu ya meno ya nyuma, uvutaji wa waya upatane na kifaa kihamishacho mnyororo, kwani hata Dura-Ace hiyo haikupatana na vifaa vingine vya Shimano wenyewe, na pete ya kufungia itoshe usukani, ambao ukiwa umenyooka huwa na unene wa milimita 22.2, na ukiwa wa mashindano, 23.8.

Kwa mkazi wa Nairobi, akikosea, hasara yake ni kurudi dukani. Kwa mkazi wa Elwak, ambaye baina yake na jiji kuna Wajir na masafa yaliyobaki, kosa hilo laweza kuilaza baiskeli msimu mzima. Kwa hiyo mwenye baiskeli ya zamani na autafute mkono wa kusuguana, usiodai hesabu ya meno wala nasaba ya kiwanda, mradi waya wake ufike. Na kabla ya kulipa aikaze skrubu yake na kuujaribu, kwa maana ukilegea hurudi wenyewe, na mnyororo huruka.