Ufunguo wa Gari, Kutoka Chuma Hadi Mawimbi

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ufunguo wa gari ulikuwa kipande cha chuma chenye meno. Mwaka 1949 Chrysler ilianza kuuza magari yanayowaka kwa kuzungusha ufunguo, na kufikia 1970 Marekani ilidai kila gari jipya ligome kuongozwa au kutembea ufunguo ukishachomolewa. Wezi walizoea upesi: walivunja kava la usukani, wakaunganisha nyaya, wakaondoka.

Elektroniki ikaitwa kusaidia. Ufunguo wa Corvette ya 1986 ulipachikwa rezista ndogo, na gari liliwaka tu iwapo kipimo chake, kimoja kati ya 15, kililingana na kile lilichokijua. Mwizi mwenye funguo 15 na subira ya kutosha bado alikuwa na matumaini.

Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia Oktoba 1998 Umoja wa Ulaya ulilazimisha kila gari dogo jipya liwe na imobilaiza. Chipu isiyo na betri hufichwa kwenye kichwa cha ufunguo na hupata nguvu kutoka koili iliyozunguka swichi ya kuwashia. Gari hutuma namba, chipu huikokotoa kwa siri yake na kurudisha jibu. Jibu lisipokuwa sahihi, injini haiwaki. Ndiyo maana ufunguo uliochongwa mtaani kwa meno sahihi kabisa hufungua mlango wa gari lenye imobilaiza, kisha injini ikakaa kimya. Uchunguzi wa Uholanzi ulikadiria kwamba kifaa hicho kilipunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40.

Siri hizo hazikuwa imara kama zilivyotangazwa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kampuni ya RSA walivunja chipu ya Texas Instruments yenye siri ya biti 40 tu. Mwaka 2013 Volkswagen ilipata amri ya mahakama ya London kuzuia utafiti kuhusu chipu ya imobilaiza iitwayo Megamos usichapishwe. Ulitoka miaka miwili baadaye. Amri hiyo iliwaficha wanunuzi kasoro, lakini haikuirekebisha.

Hatari kubwa zaidi kwa maisha ililetwa na ufunguo usiochomekwa, ambao Mercedes-Benz iliuingiza sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Dereva huuweka mfukoni na kubonyeza kitufe. Ufunguo wa chuma ulikuwa ukifanya kazi mbili kwa mkupuo: kuuchomoa kulizima injini na kumthibitishia dereva kwamba imezimika. Kitufe kilizitenganisha. Agosti 2009, karibu na San Diego, pedali ya mafuta ya gari la Lexus ilinaswa na zulia la sakafuni. Watu wanne wakafa. Kuizima injini ya gari hilo likiwa mwendoni kulihitaji kushikilia kitufe kwa takriban sekunde tatu, jambo ambalo dereva mwenye hofu hawezi kulibahatisha. Wengine, hasa wazee, waliingia ndani na ufunguo wao huku injini tulivu ikiendelea kunguruma katika banda lililoungana na nyumba, na gesi ya kaboni monoksaidi ikawaua usingizini. Marekani iliagiza kanuni ya injini kujizima kupitia sheria ya miundombinu ya 2021, ilhali vifo hivyo vilikuwa vimejulikana kwa miaka mingi.

Mfumo huohuo wa ufunguo usiochomekwa ulimfungulia mwizi mlango mwingine. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich walionyesha kwamba antena mbili zinaweza kupitisha mawimbi kati ya gari na ufunguo uliobaki ndani ya nyumba, gari likadhani ufunguo uko karibu, pasipo kuvunja siri yoyote. Baadhi ya watengenezaji sasa huweka kihisio kinachoulaza ufunguo usiposogezwa.

Kukosekana kwa elektroniki nako kulileta maafa. Kanada iliilazimisha imobilaiza mwaka 2007. Marekani haikufanya hivyo, na Kia na Hyundai ziliendelea kuuza huko mamilioni ya magari yasiyo nayo. Kuanzia 2021 vijana waliyawasha kwa kichwa cha waya wa kuchajia simu, na baadhi wakafa katika ajali. Mwaka 2023 kampuni hizo zilitoa programu mpya kwa magari milioni 8.3, na polisi wakaendelea kugawa vyuma vya kufungia usukani.