Mswaki Ndani ya Chupa

Kiswahili kimetunza jambo ambalo mjadala wa dawa za kusukutua umelisahau: mswaki ulikuwa mti kabla ya kuwa kifaa cha dukani. Kijiti cha mti huo, Salvadora persica, hutafunwa ncha mpaka nyuzi zichanuke, kisha zikapitishwa taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Utomvu wake hudhoofisha bakteria, lakini kazi kubwa hufanywa na nyuzi. Siku hizi mti uleule hukamuliwa na kuuzwa kwenye chupa. Nashikilia kwamba kilichopotea njiani ni kikubwa kuliko kilichobaki.

Mwaka 1965 mtafiti Harald Løe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, waliwaomba watu 12 wenye ufizi mzima waache kusafisha meno. Ukoga ulijikusanya, na kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa wamevimba ufizi. Waliporudi kusafisha, walipona kwa takriban wiki moja.

Ikiwa kusafisha peke yake huuponya ufizi, basi dawa yoyote ya kusukutua, ya majani au ya kiwandani, yapaswa kuulizwa: inamwongezea nini mtu anayepiga mswaki tayari? Klorheksidini, dawa ya kiwandani, ndiyo inayotumiwa kupimia nyingine zote, kwa kuwa hunata kwenye meno na ngozi ya kinywa ikaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2017, yaliyokusanya tafiti 51, yalikuta kwamba inapunguza ukoga kwa kiasi kikubwa. Lakini kwa wenye uvimbe mdogo, nafuu ya ufizi ilikuwa 0.21 tu kwenye kipimo cha 0 hadi 3, na waandishi wenyewe hawakuiona kuwa na uzito kwa mgonjwa. Ikitumika wiki nne au zaidi, huacha madoa ya kahawia kwenye meno.

Madoa hayo yamewapa nguvu watetezi wa mwarobaini, manjano na shubiri. Majaribio yao, mengi yakiwa ya watu wachache na ya muda mfupi, mara kwa mara huishia kwenye kauli kwamba “hakuna tofauti” na klorheksidini. Kauli hiyo inabebeshwa mzigo usio wake. Kutoiona tofauti kwa watu wachache si kuthibitisha usawa. Tena, anayechemsha majani machanga leo na makavu kesho hatumii dawa moja. Wala neno “asili” halitusaidii kuamua: timoli, mentholi na yukaliptoli zilizomo kwenye Listerine, dawa iliyoanza mwaka 1879, ni viini vya mimea pia.

Naandika haya kwa sababu ya mgonjwa ninayemwona mara nyingi mno. Asubuhi moja ametema mate mekundu, akaogopa, na tangu hapo mswaki wake unairuka sehemu ile. Amenunua chupa, kinywa kinanukia vizuri, na pale panapoachwa ukoga umegeuka kuwa gamba gumu. Klorheksidini nitamwandikia kwa siku chache akitoka kwenye upasuaji, jeraha lisipogusika. Leo nalikwangua gamba, namshikisha kioo, naulaza mswaki wake kuelekea ufizi palepale panapovuja, nami namwambia asiogope damu ya siku za mwanzo.